Hildy alichagua lini?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nasoma mwaka wa pili wa uandishi wa habari. Darasani tulioneshwa filamu ya zamani ya Marekani, His Girl Friday, tukaambiwa ni kichekesho cha mapenzi. Wenzangu walicheka mpaka mwisho. Mimi nilishindwa, maana muda wote kuna mtu jengo hilohilo anasubiri kunyongwa. Naomba unisaidie: hii ni filamu ya uhalifu au ya mapenzi? Na Hildy anawezaje kumwacha Bruce, mwanamume mwema, akamrudia Walter ambaye ni mwongo wa mchana kweupe? Huo ni upendo?"

Marahaba, mwanangu. Usione haya kwamba hukucheka. Mimi nimeitazama filamu hii tangu ujana wangu, nikiwa mhariri msaidizi wa zamu ya usiku, na mpaka leo kuna mahali inanikaba koo.

Maswali yako mawili naona ni swali moja. Watu wengi hudhani Hildy, yule ripota, anamchagua Walter, mhariri wake na mume wake wa zamani, mwishoni kabisa, pale anapoangua kilio. Mimi sidhani. Alishachagua mapema zaidi, katika tukio ambalo watazamaji hulipita kwa sababu lina kasi na linachekesha, na aliyemfikisha hapo ni yule mfungwa. Ukiuondoa uhalifu, hakuna mapenzi ya kusimulia. Acha nikueleze kwa nini.

Tuanzie Chicago, maana hadithi hii ni ya huko. Agosti 1928 tamthiliya iitwayo The Front Page, ndiyo iliyozaa filamu hii, ilianza kuoneshwa New York. Waliiandika Ben Hecht na Charles MacArthur, watu wawili waliokuwa maripota Chicago kabla ya kugeukia jukwaa. Hecht alitoka Chicago Daily News. MacArthur alipitia Herald and Examiner na Tribune. Kile chumba cha waandishi ndani ya jengo la mahakama ya jinai, ambamo maripota wanacheza karata huku uani mafundi wanajaribu mti wa kunyongea, hawakukitunga kutoka hewani. Walikuwa wamekikalia. Hata jina la Hildy Johnson lilitoka kwa ripota wa kweli wa Chicago, Hilding Johnson, na mhariri Walter Burns alichongwa kwa mfano wa Walter Howey, mhariri aliyekuwa tayari kufanya karibu lolote ili gazeti lake liamke na habari ambayo wengine hawana.

Na mfungwa anayetoroka naye ana mwenzake katika historia. Mwaka 1921 Tommy O'Connor alihukumiwa kunyongwa Chicago kwa kumuua askari mpelelezi. Desemba mwaka huohuo, siku nne kabla ya siku ya kunyongwa, alitoroka jela, na hakuonekana tena. Baadaye jimbo la Illinois likaacha kamba likaanza kutumia kiti cha umeme, lakini kwa kuwa hukumu ya O'Connor ilisema anyongwe, ule mti wa kunyongea ulihifadhiwa kwa miongo mingi ukimsubiri. Uliuzwa mwaka 1977. Hebu fikiria: serikali inatunza mbao na kamba kwa zaidi ya nusu karne kwa ajili ya mtu mmoja aliyeingia mitini. Kwa hiyo ulipohisi kwamba kitanzi katika filamu hii si mapambo, ulihisi sawasawa.

Tamthiliya ilifanywa filamu kwanza mwaka 1931, ikiongozwa na Lewis Milestone, na humo Hildy ni mwanamume, kama alivyokuwa jukwaani. Mhariri anamzuia ripota wake bora asiache kazi akaoe. Aliyeibadili hadithi ni mwongozaji Howard Hawks. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba siku moja alimpa mwanamke asome maneno ya Hildy kwa sauti, naye akasoma maneno ya mhariri, akagundua kuwa yananoga zaidi yakitoka kinywani mwa mwanamke. Charles Lederer akaandika mswada mpya wa filamu, Cary Grant akawa Walter, Rosalind Russell akawa Hildy, Ralph Bellamy akawa Bruce, na filamu ikatoka Januari 1940.

Badiliko hilo linaonekana dogo, lakini lilipindua kila kitu. Katika tamthiliya Walter anakaribia kupoteza mfanyakazi. Katika filamu anakaribia kupoteza mfanyakazi na mtalaka wake kwa mkupuo mmoja, na yeye mwenyewe hawezi kutenganisha uchungu wa hiki na uchungu wa kile. Hildy anaingia chumba cha habari kumwambia kwamba kesho anaolewa Albany na Bruce Baldwin, wakala wa bima, na kwamba treni yao inaondoka saa kumi jioni. Siku hiyohiyo gazeti la Walter, Morning Post, linapigania roho ya Earl Williams, karani wa hesabu aliyepoteza kazi yake, akampiga risasi askari, na sasa ananyongwa alfajiri. Mwanafalsafa Stanley Cavell, katika kitabu chake cha mwaka 1981, aliiweka filamu hii kwenye kundi alilolipa jina la vichekesho vya kurudiana: wanandoa walioachana wanarudiana baada ya kujuana upya. Nakubaliana naye. Ila naongeza kwamba hawa wawili wanajuana upya juu ya mgongo wa mtu mwingine, na hapo ndipo filamu inapouma.

Sasa tukio la gerezani. Walter amemlaghai Hildy kwamba ripota mwingine pekee anayeiweza kazi hii yuko nyumbani, mkewe anajifungua. Hildy anajua anadanganywa. Anakubali kwa bei: Walter anunue kwa Bruce bima ya maisha ya dola 100,000, ndipo yeye amhoji Williams. Anamhonga mlinzi wa gereza noti ya dola 20, akijifanya ameiokota sakafuni na kumuuliza kama si yake. Halafu anaketi karibu na nondo za kizimba, na filamu nzima inashusha pumzi. Ulitambua hilo? Muda wote watu wanasema kwa kuingiliana. Hawks alitaka sentensi zianze na kuisha kwa maneno yasiyo na uzito, ili mmoja akimkatiza mwenzake msikilizaji asipoteze lolote. Hapa hakuna anayemkatiza mwenzake. Hildy anampa Williams sigara, Williams anaipokea kisha anamrudishia, kwa sababu havuti.

Kama mwanafunzi wa uandishi, tazama anavyouliza. Williams hajui kwa nini alifyatua risasi. Hildy anamuuliza alikuwa anasikiliza nini kwa wale wahutubiaji wa bustanini baada ya kukosa kazi. Anakumbuka maneno kuhusu kuzalisha vitu kwa ajili ya matumizi. Watazamaji wa 1940 waliyajua maneno hayo: mwaka 1934 mwandishi Upton Sinclair aligombea ugavana wa California akinadi sera hiyohiyo, wakati mdororo wa uchumi umejaza mabarabara watu wasio na kazi. Kisha Hildy anamsogeza taratibu: bastola ilitengenezwa kwa matumizi gani? Ya kupigwa. Basi huenda ndiyo maana uliitumia. Na Williams anashukuru kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichompotea.

Wewe utaambiwa darasani kwamba kumtilia shahidi maneno mdomoni ni kosa, na ni kosa kweli. Hata hivyo katika jengo lile lote Hildy ndiye mtu pekee aliyeketi akamsikiliza. Sherifu anataka anyongwe kwa kuwa uchaguzi uko mlangoni. Meya anataka anyongwe kwa kuwa askari aliyeuawa alikuwa mtu mweusi, na kura za Wachicago weusi zinahitajika. Maripota wanaomba anyongwe mapema kidogo ili awahi matoleo ya asubuhi. Yule marehemu naye hatuoneshwi sura yake wala familia yake. Katika mazungumzo ya wakubwa amegeuka hesabu ya kura, na chumba cha waandishi kinatoa utani wa kibaguzi ambao leo unasikika mbaya kama ulivyokuwa mbaya siku ile. Filamu inajua baadhi ya haya, mengine haiyajui. Lazima uyashike yote mawili unapoitazama.

Mtu ninayekusihi umkumbuke ni Mollie Malloy, aliyechezwa na Helen Mack. Ni mwanamke maskini aliyemhurumia Williams mvua ikinyesha, basi. Magazeti yakaandika kwamba ni mpenzi wake, tena ni malaya. Anapoingia chumba cha waandishi kulalamika, wanamdhihaki wakiwa wamekodolea macho karata zao. Hildy anamshika mkono anamtoa nje. Akirudi, chumba kiko kimya, hakuna anayethubutu kumtazama, naye anawatamkia cheo chao cha heshima, waungwana wa habari, kwa sauti ambayo mimi singetaka kutamkiwa kamwe. Huku kwetu tuna neno kanjanja kwa mwandishi aliyeuza kazi yake. Wale si makanjanja. Wana ajira, wana magazeti makubwa, wanajua kuandika, na ndiyo maana linatisha zaidi.

Baadaye Williams anatoroka. Sherifu, kwa upumbavu wake, alimpa daktari wa akili bastola yake mwenyewe, na daktari akamkabidhi Williams ili aone jinsi mauaji yalivyotendeka. Ving'ora vinalia, maripota wanatawanyika, na Hildy amesimama na kofia na koti, tayari kwa treni. Hapa, mwanangu, ndipo anapochagua. Anaweka vitu vyake chini, anatoka mbio barabarani na viatu vyake virefu, anamrukia mlinzi wa gereza na kumwangusha ili ampe habari ya jinsi mtu alivyotoroka. Anailipia dola 450. Hizo fedha ni za Bruce.

Tafakari hilo. Mchumba wake amempa fedha azitunze, zile za kuanzia maisha, na ameziweka mkononi mwa mlinzi wa gereza bila kufikiri mara mbili, kwa sababu habari ilikuwa pale na angeikosa. Hapo Walter hayupo, hakuna anayemlaghai wala kumbembeleza. Baada ya hapo anampigia simu Walter ampe habari na kumdai fedha hizo, na sauti yake ina furaha ambayo hatujaisikia akizungumza na Bruce hata mara moja. Ndilo tukio la mapenzi la filamu hii. Halina busu. (Filamu nzima kwa kweli haiwaoneshi wale wawili wakibusiana kama ulivyozoea kuona katika filamu za mapenzi za wakati ule.)

Kwa hiyo Bruce? Bruce ni mwema, hilo halina ubishi. Anamfungulia Hildy kigeti cha ofisi apite kwanza. Anaficha hundi ya bima kwenye bitana ya kofia yake, kwa kuwa Hildy amemwelekeza hivyo. Lakini sikiliza anachomwahidi: nyumba, mama mkwe, Albany, na mwisho wa kazi ya gazeti. Katika Marekani ya 1940 hilo lilionekana ni zawadi. Hildy mwenyewe anajisadikisha kuwa anaitaka, anasema anataka kuwa binadamu wa kawaida. Hata hivyo mikono yake inamsaliti kila taipureta inapokuwa karibu.

Hapa itakusaidia kujua wanawake wa kweli waliomtangulia. Mwaka 1907, kwenye kesi ya mauaji ya Harry Thaw huko New York, waandishi wanawake kama Dorothy Dix na Winifred Black walikaa mahakamani wakaandika habari zilizosomwa nchi nzima, na wanaume wenzao wakawabandika jina la kejeli, madada wa kilio, eti kazi yao ni kuliza wasomaji. Chicago kwenyewe, mwaka 1924, Maurine Watkins wa Tribune aliripoti kesi za wanawake wawili walioshtakiwa kuua wapenzi wao, akaja kuandika tamthiliya iliyopata umaarufu mkubwa. Na miaka michache kabla ya Hildy, kati ya 1937 na 1939, sinema zilijaa visa vya Torchy Blane, ripota mwanamke anayewatangulia polisi, aliyechezwa zaidi na Glenda Farrell. Waliomuumba Superman walikiri kwamba Lois Lane, ripota mwanamke wa hadithi zao, anadaiwa na huyo Torchy. Rosalind Russell alilibeba hilo lote. Waigizaji kadhaa maarufu walikuwa wameikataa nafasi hiyo, na yeye, alivyoeleza katika kumbukumbu zake, alipoona Grant ndiye mwenye mistari mizuri, alimlipa mwandishi wa matangazo amwandikie yake kisirisiri. Nampenda zaidi kwa hilo. Aliipigania nafasi yake kwenye filamu kama Hildy anavyoipigania nafasi yake chumbani mle.

Sasa Walter. Sitamtetea. Anamsingizia Bruce wizi wa saa, anamsingizia kusumbua mwanamke, anaamuru mama mzee wa Bruce abebwe kama furushi, na zile dola 450 anazirudisha kwa noti bandia. Williams anapojitokeza chumba cha waandishi, Hildy anamficha ndani ya dawati lenye kifuniko cha kukunja, na Walter akifika anataka abaki humohumo. Wengi husema wanamwokoa. Rudia kutazama: wanaificha habari, ili Morning Post ndilo litangaze kwamba limemkamata. Na Mollie, ili maripota wasiendelee kuuliza Williams yuko wapi, anajirusha dirishani. Kamera inachungulia chini, wanasema amesogea, hajafa, na gurudumu la kichekesho linaendelea kuzunguka. Hatumwoni tena. Hawks alikuwa na haraka kuliko mimi. Kila nikifika hapo nasimamisha filamu kidogo.

Kwa hiyo nani anamwokoa Earl Williams? Anamwokoa Pettibone, tarishi mnene aliyetumwa na gavana na hati ya kusitisha kunyongwa. Meya anajaribu kumpa kazi nono ya mjini ili aondoke na hati yake akajifanye hakufika. Tarishi anakataa, na sababu zake ni za nyumbani kabisa: mkewe hatapenda kuhama. Anarudi na karatasi ile wakati Walter na Hildy wamefungwa pingu, na kwa karatasi hiyo mtu anapona, pingu zinafunguliwa, meya na sherifu wanaumbuka. Gazeti lilipiga kelele siku nzima. Mtu alipona kwa sababu mtumishi mdogo wa ofisi alikataa kununuliwa. Sijui kama Hecht na MacArthur walikusudia nilione hivyo, ila wao walikuwa maripota, na wamemweka pale.

Basi ukiniuliza ni ya uhalifu au ya mapenzi, nitakuambia ni filamu ya mapenzi ambayo shahidi wake mkuu ni mhukumiwa. Ukiniuliza kama ni upendo, nasema ndiyo: Hildy anaipenda kazi kuliko anavyompenda mwanamume yeyote, na Walter ndiye mwanamume pekee anayempenda akiwa kazini. Je, atakuwa mume mzuri? Hapana. Filamu inajua hivyo, nitakuonesha kabla sijamaliza.

Ukitaka kuona upande wa pili wa sarafu, tafuta Call Northside 777 ya mwaka 1948, iliyoongozwa na Henry Hathaway, James Stewart akiwa ripota. Ni Chicago ileile na kosa ni lilelile, kuuawa kwa askari. Ilitokana na kisa cha kweli cha Joe Majczek, aliyefungwa mwaka 1933. Mama yake alisugua sakafu usiku miaka mingi akakusanya dola 5,000, na mwaka 1944 akatoa tangazo gazetini akiahidi fedha hizo kwa atakayewataja wauaji wa kweli. Chicago Times lilituma watu wafuatilie lile tangazo dogo, na Majczek akaachiwa mwaka 1945. Humo hakuna mapenzi ya chumba cha habari. Kuna mama na ndoo ya maji. Zitazame mbili hizo wiki moja, kisha uniandikie tena.

Jambo la mwisho ni la vitendo. Haki za His Girl Friday hazikuhuishwa miaka 28 ilipotimia, kwa hiyo nakala zake zimezagaa, nyingi zikiwa na sauti mbovu, na filamu hii bila sauti safi ni hasara tupu. Tafuta nakala iliyosafishwa, yenye maandishi chini, usione haya kuirudisha nyuma. Ukiipata, anza na ofisi ya Walter, pale Bruce anapomshikia Hildy kigeti. Kisha ruka mpaka dakika ya mwisho kabisa. Bruce amepiga simu kutoka jela, noti bandia zimemponza, na Hildy analia kwa furaha kwamba Walter bado anahangaika kumzuia. Wanakubaliana kuoana tena. Fungate itakuwa Niagara. Mara simu inasema kuna mgomo Albany, na fungate inageuka safari ya kazi. Walter anatoka mlangoni mbele, mikono mitupu. Hildy anamfuata na koti na sanduku zito, na Walter anageuka kumshauri namna nzuri ya kulibeba.